Kugeuza godauni kuukuu kuwa ukumbi wa sanaa Dar es Salaam: mwongozo kamili

Wengi wanaokodi magodauni na karakana za zamani za Chang'ombe, Keko, Barabara ya Nyerere au Mikocheni viwandani hukosea mahali pamoja: wanaanza na rangi, taa na jukwaa. Picha zinapendeza. Siku ya onyesho ikifika, neno moja la mwigizaji linarudi mara tatu, watazamaji wanajipepea kwa ratiba walizopewa mlangoni, na mvua ikishuka hakuna anayesikia chochote. Wiki inayofuata jirani yuko kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kulalamikia kelele. Pesa imekwisha, na kazi iliyobaki iko juu ya kila kilichokwishajengwa, yaani kwenye paa.

Kwa hiyo hapa tunashuka kutoka juu kwenda chini. Paa linatangulia, linafuatwa na upepo na mwangwi, kisha milango, umeme na sakafu. Jukwaa na rangi ni za mwisho kabisa.

Hesabu zote zinatumia godauni moja la mfano, la urefu wa mita 30, upana mita 15, na kuta za mita 6 hadi kwenye gata. Sakafu yake ni mita za mraba 450, na ujazo wake mita za ujazo 2,700. Lako likiwa kubwa au dogo zaidi, rudia hesabu kwa vipimo vyako.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kugusa ukuta

Watu: mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na ERB (bodi ya wahandisi), mbunifu majengo aliyesajiliwa na AQRB (bodi ya wabunifu majengo), mkandarasi wa CRB (bodi ya makandarasi), na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (wasimamizi wa nishati na maji). Fundi wa mtaani anaweza kuwa hodari kuliko wote hao, lakini sahihi yake haipokelewi halmashauri.

Vifaa vya ukaguzi: futi ya mita 30, nyundo ya kilo moja, brashi ya waya, sumaku, tochi kali, kipimajoto, maputo kumi, simu yenye kinasa sauti, na mpira wa maji unaofika juu ya paa.

Vifaa vya paa na sauti kwa godauni la mfano (paa lenye mteremko, kama mita za mraba 480):

- rangi nyeupe ya paa inayorudisha jua, lita 110 hivi kwa mikono miwili (rangi nzito za mpira hula zaidi; soma maelezo ya debe)
- jipsamu bodi za milimita 12, futi 4 kwa 8, bodi 185 pamoja na za kuharibika
- sufi ya mawe (rockwool, nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa) ya unene wa milimita 50, mita za mraba 740
- mbao za 2 kwa 2 zilizotiwa dawa, mita 760
- kitambaa cha gunia la katani, mita za mraba 330
- boraksi kilo 18 na asidi ya boriki kilo 8, za kukinga gunia dhidi ya moto
- waya wa chuma wa milimita 3 na vibano vyake

Usinunue chochote katika orodha hii kabla ya kumaliza hatua ya 3. Mhandisi akisema kenchi (fremu za chuma zinazobeba paa) hazibebi, orodha yote inabadilika.

## Hatua ya 1: Karatasi

Soma hati ya kiwanja, sehemu ya matumizi. Ikiwa imeandikwa viwanda au ghala, kukusanya watu humo kwa kiingilio ni matumizi mengine. Mabadiliko ya matumizi ya ardhi huombwa na mwenye hati kupitia mipango miji ya halmashauri, na yana hatua ya tangazo ili majirani waweze kupinga. Mpangaji hawezi kuomba peke yake. Basi mkataba wa pango uandikwe wazi kwamba mwenye nyumba ataomba, nani atalipa, na kodi inaanza kuhesabiwa lini. Watu wamelipa pango la mwaka mzima wakisubiri kibali kwa sababu ya sentensi hiyo kukosekana.

Baada ya hapo kinakuja kibali cha ujenzi. Michoro ipelekwe kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ikiwa bado michoro, maana kuhamisha mlango kwenye karatasi kunagharimu kifutio tu. Uliza NEMC (wasimamizi wa mazingira) kama mradi unahitaji tathmini ya mazingira, sajili mahali pa kazi OSHA (usalama na afya kazini), na onana na BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kuhusu usajili na vibali vya maonyesho.

Angalia pia miaka ya pango. Ukiwekeza paa jipya kwenye mkataba wa miaka miwili, umemtengenezea mwenye nyumba godauni zuri la kupangisha mtu mwingine.

## Hatua ya 2: Tafuta sumu kabla hujatafuta uzuri

Kuna sumu tatu za kutafuta.

Asbesto. Bandika sumaku kwenye bati. Ikishika, ni chuma, endelea. Isiposhika, gonga kwa kidole. Karatasi ya asbesto na saruji ni ya kijivu na nene (kama milimita 6), haitoi mlio wa chuma, na ukingo wake uliovunjika unaonyesha nyuzinyuzi. Ukiona dalili hizo, usitoboe, usikate, usipige brashi wala kuosha kwa maji ya presha. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu na ya utando wa mapafu, miaka mingi baadaye, na barakoa ya kitambaa hailizuii. Anza kwa kuuliza NEMC na ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali kuhusu upimaji na utupaji. Hizi ni taka hatarishi, si mzigo wa kirikuu. Kuondoa kwenyewe hufanywa na watu wenye barakoa za daraja la P3 na nguo za kutupwa: karatasi hulowanishwa, bolti hufunguliwa bila kuvunja, kila karatasi huteremshwa nzima na kufungwa ndani ya plastiki nene mara mbili.

Mafuta ya transfoma. Transfoma ya zamani iliyoachwa nyuma ya karakana inaweza kuwa na mafuta yenye kemikali za PCB. Isifunguliwe na isiuzwe skrepa kabla mafuta hayajapimwa.

Matangi ya chini. Bomba linaloingia ardhini bila maelezo lifuatwe mpaka mwisho. Tangi tupu la mafuta lina mvuke, na cheche moja ya kuchomelea inatosha kulilipua.

Ukimaliza hatua hii vizuri unakuwa na mchoro wa jengo wenye alama za kila kitu cha hatari, na hakuna grinda iliyowashwa bado.

## Hatua ya 3: Gonga chuma

Chumvi ya bahari na unyevu wa Dar hula chuma mahali pasipoonekana. Usianze juu. Anza miguuni mwa nguzo, pale chuma kinapoingia kwenye zege, ambapo maji ya kufagilia yamekaa miaka thelathini. Safisha kwa brashi ya waya kisha gonga. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti iliyokufa, na vipande vinabanduka kama magamba ya samaki. Ukiona magamba, mhandisi apime unene uliobaki. Kupaka rangi juu yake ni kuuficha ugonjwa.

Sehemu ya pili ni chini ya gata, hasa gata la katikati kwenye magodauni yenye mapaa mawili yaliyokutana. Likiziba, maji hayana pa kwenda ila ndani. Miisho ya kenchi hapo ndipo kutu huanzia.

Halafu swali la uzito. Kenchi za godauni zilihesabiwa zibebe bati na upepo, basi. Hazikuhesabiwa taa, spika za kuning'inia, wala dari. Dari tunayoieleza hapa chini ina uzito wa kilo 15 hivi kwa mita ya mraba ukijumlisha jipsamu, sufi na fremu. Kwa mita 480 hizo ni zaidi ya tani 7.

Hapo asbesto ina upande wake wa heri. Karatasi zake zilikuwa na kilo kama 14 kwa mita ya mraba, ilhali bati la kawaida lina kilo 4 tu. Mwenye kulazimika kuziondoa amezipunguzia kenchi mzigo wa kilo 10 kwa mita ya mraba, yaani theluthi mbili za dari. Mwambie mhandisi wako, kwa sababu ni rahisi kuisahau hesabu hiyo.

Onyo: kitu chochote kinachoning'inia kifungwe pale vyuma vya kenchi vinapokutana, kamwe si katikati ya chuma kimoja. Hapo katikati chuma hupinda.

Ukikuta reli ya winchi ya juu, usiikate. Iliwekwa kubeba mashine. Mhandisi akiipitisha, una daraja la taa ambalo kumbi mpya hulipia pesa nyingi.

## Hatua ya 4: Paa dhidi ya jua na mvua

Bati tupu la Dar mchana wa Januari linapita nyuzi 60, nalo hushusha joto vichwani mwa watu. Mvua ya masika juu ya bati hilo hilo hushinda spika yoyote. Matatizo ni mawili na tiba yake ni moja, mradi tabaka zipangwe hivi, kutoka juu:

1. Bati lililozibwa matundu. Badilisha skrubu zenye kutu na mipira yao. Usizikaze upya tu.
2. Rangi nyeupe, mikono miwili, juu ya bati lililooshwa na kukauka.
3. Nafasi ya hewa ya sentimita 5 au zaidi, iliyo wazi kwenye gata na kwenye kilele, na kuzibwa kwa wavu mwembamba. Bila wavu, popo watahamia kabla ya wasanii.
4. Sufi ya mawe, milimita 50.
5. Jipsamu bodi, ikifuata mteremko wa paa.

Kwa nini ifuate mteremko? Kwa sababu dari bapa la mita 4 huua ujazo, hufungia joto chini na kuficha kenchi, ambazo ndizo sababu ya kukodi godauni badala ya ukumbi wa harusi.

Kosa la kawaida ni kuweka sufi peke yake, bila jipsamu. Sufi hupunguza joto, lakini kelele ya mvua inazuiwa na uzito, na sufi haina uzito. Kosa jingine ni kutumia vipande vya godoro au mabamba ya povu. Povu likishika moto hutoa moshi unaoua kabla ya mwali kufika.

Utajuaje umefaulu: mtu mmoja amwage maji kwa mpira juu ya paa, wawili wazungumze chini kwa sauti ya kawaida wakiwa mita 5 kati yao. Wakisikilizana bila kuinua sauti, endelea. Kisha saa nane mchana pima joto chini ya dari na nje kivulini. Tofauti ikizidi nyuzi 4, kuna mahali pametobolewa au hewa ya tabaka la tatu imezibwa.

## Hatua ya 5: Upepo bila kutoa kelele nje

Mtu aliyeketi hutoa joto la wati 100 hivi. Watu 200 ni kilowati 20: ni kama kupanga pasi 20 zilizowashwa katikati ya ukumbi.

Ili ndani pasizidi nje kwa zaidi ya nyuzi 3, unahitaji mita za ujazo 5.6 za hewa kila sekunde. Hewa ikipita kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde, hizo ni matundu ya mita za mraba 11 ya kuingilia, na mengine kiasi hicho hicho ya kutokea. Tufanye 12 na 12.

Ya kutokea yawe kwenye kilele. Kofia iliyoinuliwa, yenye mwanya wa sentimita 40 kwa urefu wote wa mita 30, inatoa mita 12 kamili. Ya kuingilia yawe chini, pande zote mbili, maana kaskazi ya Desemba hadi Machi na kusi ya katikati ya mwaka hazitoki upande mmoja.

Tatizo ni kwamba panapopita hewa, sauti nayo inapita. Dawa yake ni sanduku la kona. Kila tundu la mita moja kwa moja lijengewe sanduku la bloku au mbao nzito lenye umbo la L, urefu wa mita 1.2 au zaidi, na ndani libandikwe sufi ya mawe iliyofunikwa kwa wavu. Hewa hukata kona bila shida. Sauti hujigonga kwenye sufi na kufa, isipokuwa besi.

Besi inahitaji maelezo yake. Singeli, spika za chini na ngoma kubwa hupita kwenye bati na hata kwenye jipsamu. Kuna kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira, na NEMC huzitumia. Kama nyumba za watu ziko ng'ambo ya ukuta, chagua mapema: ukumbi wa tamthilia, ushairi, taarabu na maonyesho ya picha, au ukumbi wa muziki mzito wenye tabaka la pili la jipsamu na kenchi zilizoimarishwa. Ukumbi unaotaka yote kwa bajeti ya moja huishia kufungwa.

## Hatua ya 6: Kuua mwangwi

Hapa ndipo kumbi nyingi hufia, na ajabu ni kwamba hapahitaji pesa nyingi, ila hesabu.

Kwanza sikiliza. Simama katikati ya godauni tupu na piga kofi moja. Ukisikia mlio wa trrr, kama bawa la njiwa, kuta mbili zinazotazamana zinarushiana sauti. Kisha pasua puto huku simu ikirekodi, na kwenye rekodi hesabu sekunde hadi mlio uishe. Sekunde 5 au 6 ni jambo la kawaida kwa zege na bati.

Halafu hesabu. Kanuni ni hii: muda wa mwangwi = 0.161 × ujazo ÷ ufyonzaji. Ufyonzaji ni eneo la kila uso likizidishwa kwa uwezo wake wa kumeza sauti. Zege, lipu na dari gumu humeza asilimia 3 hadi 5 tu.

Godauni letu lina nyuso za mita za mraba 1,440 (sakafu 450, dari kama 450, kuta 540). Kwa asilimia 5, ufyonzaji ni 72. Basi 0.161 × 2,700 ÷ 72 = sekunde 6. Hesabu na puto zimekubaliana.

Kwa maneno kusikika tunataka sekunde 1.2. Ufyonzaji unaohitajika ni 0.161 × 2,700 ÷ 1.2, yaani 362. Toa 72 zilizopo. Toa 90 za watazamaji 200, kila mmoja na nguo zake akimeza kama 0.45. Zimebaki 200. Paneli nzuri humeza asilimia 80 ya sauti ya maneno, kwa hiyo ni mita za mraba 250 za paneli. Ziwe 260 kwa ajili ya siku zenye watu wachache. Paneli moja ya futi 4 kwa 8 ni mita 2.88. Jumla paneli 90.

Kutengeneza paneli moja:

1. Tengeneza fremu ya mbao za 2 kwa 2, mita 1.2 kwa 2.4, na mbao moja ya kukata katikati.
2. Changanya boraksi gramu 200 na asidi ya boriki gramu 85 katika lita 2 za maji ya moto. Loweka gunia mpaka lilowe kabisa, kamua, anika kivulini. Kata kipande kidogo, kishike na kibiriti kwa sekunde 12, kisha ondoa mwali. Kikizima chenyewe, fungu hilo ni salama. Kikiendelea kuwaka, loweka tena. Dawa hii hutoka kwa maji, kwa hiyo gunia likiloa siku yoyote, rudia.
3. Jaza sufi ya mawe ya milimita 50. Vaa glavu na barakoa, inawasha.
4. Funika kwa kitambaa chembamba kinachopitisha hewa, juu yake gunia. Pulizia pumzi: ikipita, sauti nayo itapita. Usipake gunia rangi ya mafuta. Rangi huziba vitundu na paneli hugeuka ukuta.

Mahali pa kuziweka: paneli 60 zining'inie dari kwa waya kwenye pembe nne, sentimita 15 chini ya jipsamu, maana nafasi ya hewa nyuma huongeza umezaji wa sauti nzito. Ukuta wa nyuma, unaotazama jukwaa, upate 15. Huo ndio unaomrudishia mwigizaji maneno yake. Zilizobaki 15 ziwe kwenye kuta za pembeni, usawa wa kichwa cha aliyeketi, zikipishana: penye paneli kushoto, kulia pawe wazi.

Weka 60 kwanza, pasua puto, ndipo uongeze. Ukumbi uliokufa kabisa ni mbaya pia. Taarabu inataka uhai kidogo, na mwimbaji asiyejisikia hukaza koo.

Trei za mayai: hazifanyi kazi. Hubadilisha kidogo sana sauti nyembamba, hazigusi maneno, na huwaka kama karatasi, kwa kuwa ni karatasi.

Utajuaje umefaulu: mtu asimame jukwaani bila maiki na asome maneno 20 yanayofanana, kwa mfano: bata, kata, pata, tata, data, mama, lama, zama, kama, hama. Msikilizaji wa mstari wa mwisho aandike anachosikia. Akipata 18 au zaidi, ukumbi unasema Kiswahili. Akiandika "pata" kila mahali, ongeza paneli za nyuma.

## Hatua ya 7: Milango ya kukimbilia

Viti 200 ni mpango wako. Umati wa kusimama ni mpango wa watu wenyewe, na siku ya msanii mkubwa mita za mraba 200 za wazi zitabeba 400. Pima milango kwa 400.

Kanuni inayotumika sana ni milimita 5 za upana kwa kila mtu, ukichukulia kwamba mlango mkubwa kuliko yote umezibwa na moto. Watu 400 wanahitaji mita 2 zilizobaki wazi. Milango mitatu ya mita 1.2 inatosha: mmoja ukizibwa, zinabaki mita 2.4. Zimamoto ndio wenye neno la mwisho, nao wakitaka zaidi, toa zaidi.

- Milango ifunguke kwa nje, ikae pande tofauti, na ifunguliwe kwa kusukuma ubao mmoja, bila funguo.
- Shata (mlango wa bati wa kukunja juu) haihesabiwi kuwa mlango. Siku ya onyesho huwa imeshushwa, na umeme ukikatika inakwama. Iache kwa kuingizia mapambo na vyombo.
- Kufuli la nje "kwa ajili ya wezi" ndilo linaloua watu. Weka mlinzi.
- Njia ya nje ya mlango isiwe maegesho. Bodaboda tatu zinatosha kuuziba.

Taa za dharura ziwe za betri, zinazodumu saa moja au zaidi. Jenereta huchelewa kuwaka, na sekunde chache za giza kwenye umati ni nyingi.

## Hatua ya 8: Umeme

Ng'oa waya wote wa zamani. Usiunganishe kipya kwenye cha zamani hata kwa mita moja, kwa kuwa ganda la waya uliokaa chini ya bati miaka mingi hupasuka ukilikunja.

Mzigo wa mfano: sauti kilowati 6, taa za jukwaa za LED kilowati 5, feni 12 kilowati 1, taa za kawaida, pampu na majokofu kilowati 4. Jumla 16. Omba TANESCO fezi tatu. Mizigo ikigawanywa sawasawa ni kama ampea 23 hadi 26 kwa kila fezi, na panabaki nafasi ya kukua.

Sauti iwe na breka na njia yake peke yake, na vyombo vyote vya sauti, kuanzia jukwaani hadi meza ya mikisa, vichukue umeme na ethi (waya wa ardhini) mahali pamoja. Mvumo wa mmm kwenye spika mara nyingi ni ethi mbili zinazopishana. Nyaya za sauti zisilale sambamba na za taa. Zikikutana, zikatane kwa pembe mraba.

Onyo kubwa: kukata pini ya ethi ili mvumo uishe ni mchezo wa mauti. Kasoro ikitokea kwenye amplifaya, umeme unapita kwa mwimbaji aliyeshika maiki na gitaa. Soketi zote za jukwaani zipite kwenye swichi ya RCD (inayokata umeme unapovuja) ya miliampea 30, nayo ijaribiwe kwa kitufe chake kila mwezi.

## Hatua ya 9: Sakafu, vyoo na njia za magurudumu

Dondosha matone ya maji sakafuni sehemu mbalimbali na subiri dakika 5. Yaliyonyonywa ni zege safi. Yaliyobaki kama shanga yako juu ya mafuta ya mashine. Niru au rangi juu ya hapo itabanduka baada ya miezi michache. Mwaga maranda yanyonye, osha kwa dawa ya kuondoa grisi na maji ya moto, kisha saga milimita 2 hadi 3 kwa mashine. Rudia tone.

Bolti za mashine zikatwe chini ya usawa wa sakafu na kuzibwa. Mashimo ya mashine yajazwe kwa kokoto zilizoshindiliwa na zege lenye nondo. Kifuniko cha mbao kitavunjika siku ya ngoma.

Watu 200 wanataka angalau vyoo vinne vya wanawake, viwili vya wanaume pamoja na mabakuli matatu ya kukojolea, na kimoja kikubwa cha mwenye kiti cha magurudumu. Mteremko wa kuingilia uwe sentimita 12 mbele kwa kila sentimita 1 ya kupanda.

## Hatua ya 10: Jukwaa na rangi

Wachezaji wasicheze juu ya zege. Magoti na mifupa ya miguu huumia. Panga mbao za 2 kwa 2 kila sentimita 40 juu ya vipande vya mpira, weka plaiwudi ya milimita 18, kisha tabaka la pili likipishana na viungo vya la kwanza. Ruka juu yake: inese kidogo, isilie.

Rangi, kidogo. Weusi nyuma ya jukwaa, basi. Madirisha ya chuma, alama za wino za kiwanda ukutani na kutu iliyosafishwa na kufunikwa vanishi ndivyo vitu ambavyo hakuna ukumbi mpya unaweza kununua. Zeitz MOCAA, jumba la makumbusho ya sanaa la Cape Town lililofunguliwa mwaka 2017 ndani ya ghala la nafaka, lilikata mabomba yake ya zege (mapipa marefu ya kuhifadhia nafaka) na kuyaacha yaonekane kata zake. Huna bajeti ile, lakini kuacha kitu kionekane hakudai bajeti.

## Hatua ya 11: Usiku wa majaribio

Usiuze tiketi. Alika watu 60, wakiwemo majirani wawili wa ukuta. Fanya mambo manne kwa mpangilio huu: jaribio la maneno 20 wakiwa wameketi; muziki kwa sauti ya juu kabisa utakayoruhusu, mtu akisikiliza sebuleni kwa jirani; kuzima swichi kuu bila kutangaza, uone taa za betri zikiwaka; na kuwatoa wote nje kwa saa mkononi. Wakizidi dakika mbili na nusu, kuna mlango wasioujua au usiofunguka sawasawa.

Andika kilichoshindikana, rekebisha, rudia wiki inayofuata na watu wengine, maana wa kwanza wameshaijua milango.

Na kila mwisho wa Februari, kabla ya masika, mtu apande na ndoo akazoe majani na viota kwenye gata la katikati. Ni kazi ya nusu siku.